Filipo Chidawali, Aliyewatafutia Wenzake Usukani

Mchungaji, wazee wangu shikamooni, majirani wa hapa Manchali na wageni mliotoka mjini Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu asalaam aleykum. Mimi ni Hilda Chidawali, dada mkubwa wa marehemu, nauza nafaka soko la Majengo, na wengi mnanijua kwa mdomo kuliko kwa sura. Ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu, Mchungaji amenipa dakika kumi, na baba mdogo Thobias ameniomba kwa upole nisigombane na mtu mbele ya jeneza. Nitajitahidi. Ila lipo jambo la laini ya simu ya Filipo, ambayo kampuni aliyokuwa akiitafutia madereva inaitaka leo, kabla hatujafukia kaburi, na familia imeniagiza nitoe jibu hapa hapa ndani ya historia hii, kwa hiyo mtanivumilia tukifika huko.

Marehemu Filipo Eliakimu Chidawali alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976 hapa hapa Manchali, wilaya ya Chamwino, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Eliakimu Chidawali na mama Emilia, ambao wote wawili wamelala hapo nyuma yangu, akabatizwa mwaka uliofuata, akakua akichunga mbuzi wa baba na kuchapwa na mimi, maana nilimpita miaka sita na nilijiona ni mama wa pili. Alikuwa mtoto asiyejua kudanganya, na hilo lilitutesa sana sisi wakubwa, kwa sababu mbuzi wakiingia shamba la mtu tulikuwa tumeshapanga cha kusema, baba akimgeukia Filipo anamweleza kila kitu mpaka nani alikuwa amelala.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1985, akamaliza darasa la saba mwaka 1991, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akakaa nyumbani akilima mtama na baba, na mwaka 1993 akafunga nguo zake mbili akaenda Dodoma mjini, ambako alipokelewa na fundi Masudi, mwenye gereji pale Kizota, naye yuko hapa leo, ahsante sana mzee wetu. Kwa fundi Masudi alianza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, akawa utingo wa malori mwaka 1996, akapata leseni ya magari makubwa mwaka 2002, na tarehe 3 Februari 2006 aliajiriwa kuwa dereva wa semitrela na kampuni moja ya Kizota ambayo sitaitaja jina, wenyewe wapo, wamekaa viti vya mbele.

Upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 11 Oktoba 2003, katika kanisa letu hili, na Anjelina, binti wa Kibaigwa, ambaye nilimfahamu mimi kwanza kwenye soko la mahindi, nilimkuta anamkemea mnunuzi aliyekuwa anachezea mizani, nikasema moyoni huyu ndiye, Filipo asipomwoa huyu atanyang'anywa mpaka viatu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Elisha aliyezaliwa mwaka 2004 ambaye sasa yuko chuo, Elieth aliyezaliwa mwaka 2008, na kitindamimba Emilia aliyezaliwa mwaka 2013 na kupewa jina la mama yetu. Kiwanja cha Nzuguni, huko huko Dodoma mjini, walikinunua mwaka 2009, wakahamia mwaka 2012 nyumba ikiwa haina dari, na dari yenyewe mpaka leo haipo.

Kwa miaka kumi Filipo aliendesha semitrela kwenda Kigali na Bujumbura, kupitia Singida, Nzega na Kahama, na sitaki mtu aondoke hapa akisema Hilda amesema madereva wanakula raha. Anjelina anajua alivyolala chini ya gari mpakani wakisubiri karatasi, anajua posho ya safari inavyoisha foleni ikiwa bado ndefu, na anajua mafuta yakipungua tangini nani anakatwa. Lakini dereva ana mkataba, ana mshahara hata kama ni mdogo, ana kadi ya bima yeye na mkewe na watoto, na tena ana heshima, kwa sababu gari bila yeye ni chuma kimesimama, na bosi analijua hilo. Filipo alipokuwa dereva, bosi alitoka ofisini akamfuata getini kumpokea, alimwita mwanangu, Krismasi alimletea mbuzi Nzuguni kwa mikono yake, na mimi mwenyewe nilimchuna yule mbuzi nikiwa namwombea bosi baraka.

Basi mwezi Juni mwaka 2016 alikwenda kupima macho kama madereva wanavyotakiwa, akaambiwa presha ya macho imeharibu jicho la kushoto, asiendeshe tena gari kubwa. Alirudi nyumbani akakaa uani mpaka jioni. Wiki ya pili bosi akamwita, akamwambia wewe madereva wote wa barabara ile wanakujua na wanakuamini, hebu nitafutie madereva, akampa fulana imeandikwa mgongoni Afisa Ajira wa Madereva, akampa benchi nje ya geti chini ya bati, na sisi huku tukashangilia, tukapika pilau, jamani si mdogo wetu amekuwa afisa.

Sasa niwaeleze afisa huyo alikuwa analipwaje, maana hili limesemwa vibaya kwa miaka tisa na leo ndiyo nafasi yangu. Filipo hakuwa na mshahara. Alilipwa kwa kichwa, yaani amlete dereva, dereva akabidhiwe gari, amalize miezi mitatu kazini, hapo ndipo Filipo apewe chake, mara moja, basi. Dereva akiacha kazi mwezi wa pili kwa sababu kampuni imemchelewesha posho, au gari alilopewa halina breki za maana, Filipo hapati kitu, na kama alishapewa ya kutangulia anakatwa kwenye kichwa kinachofuata. Ofisini walisema madereva wanakimbia kwa sababu Filipo analeta watu wabovu. Madereva nao walisema wamedanganywa na Filipo, kwa sababu yeye ndiye waliyemwona, bosi hawajawahi kumwona, bosi anatokea tu getini kupokea wale aliowazoea.

Na huku mtaani, loo, huko ndiko kulikochoma. Ilivumishwa kwamba kila gari likiondoka Kizota, Filipo ana chake humo, eti anakata posho za wenzake, eti kila gurudumu likizunguka yeye anakula, na mwanamke mmoja pale Majengo, simtaji, alinunua mtama kwangu huku ananiambia mdogo wako anauza watu. Nilimwaga mtama wake chini. Sijutii. Majirani walikuja kumkopa wakijua anazo, alipowaambia hana wakanuna, na Elisha shuleni aliitwa mtoto wa dalali, mtoto ambaye baba yake alikuwa anatoka Nzuguni mpaka Kizota kwa baiskeli kwa sababu nauli ya kila siku ilikuwa inamshinda.

Ukweli ni kwamba angeweza kupata zaidi, na hapa hata mimi nilikuwa namkasirikia, nilimgombeza tukiwa mezani. Dereva mpya akija pale kwenye benchi, badala ya kumsifia kazi, Filipo alikuwa anamwambia, "Kaa kwanza nikwambie mabaya, mazuri utayaona mwenyewe," halafu anamtajia yote, pancha za nani, mpakani unakula kwa hela ya nani, gari lipi ukipewa ukatae. Kisha anaagiza chai na chapati mbili kwa mama wa pembeni, anaziweka mbele ya yule dereva aliyekuja na utingo wake, yeye anajifanya anaangalia barabara, na dereva akila zote mbili peke yake Filipo anamwambia kwa heshima nafasi zimejaa, kaka, pitia siku nyingine. Anjelina alimwuliza, "Baba Elisha, wewe unatafuta madereva au unawafukuza?" Akajibu kwamba mtu asiyemkumbuka utingo wake wakiwa kwenye benchi, huko porini gari likiharibika atamwacha. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na ndiyo maana aliowaleta walikaa, ila walikuwa wachache, na ofisini wakamwita mzembe.

Nitoe mfano mmoja ili muelewe thamani ya mtu katika kazi hizi. Dereva mmoja, Raphael, ambaye ni Filipo aliyemwingiza kwenye kampuni, mwezi Novemba mwaka jana alipasuliwa tumbo, akatibiwa kwa bima, bosi akaenda kumwona na matunda, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, sina neno na Raphael hata kidogo. Mwezi huo huo, tarehe 19 Novemba 2024, Filipo alianguka pale pale kwenye benchi, akakimbizwa hospitali kule mjini, tukaambiwa presha imekaa mwilini muda mrefu bila kutibiwa na sasa figo zimechoka, anatakiwa asafishwe damu kila wiki. Tukaenda ofisini kuuliza bima. Huyu ndugu yetu alikuwa anawasindikiza madereva wote kwenda kusajiliwa bima, anawapanga foleni, anawashikia vyeti vya ndoa na picha za watoto, anasubiri nje mpaka wamalize. Tukajibiwa kwamba Filipo si mtumishi wa kampuni, Filipo ni wakala. Fulana wamempa wao, benchi wamempa wao, akichelewa anagombezwa na wao, lakini ni wakala.

Tuliuza ng'ombe wa baba, niliuza magunia yangu yote ya msimu, Anjelina aliuza cherehani, na ukoo ulichanga mpaka baba mdogo Thobias aliuza baiskeli yake. Raphael, kidonda chake hakijapona vizuri, alikuja wodini na kadi yake ya bima akaiweka mkononi mwa Filipo, akasema, "Kaka, tumia hii, mimi nimeshapona." Nesi alimweleza kwa upole kwamba kadi ina picha na alama za vidole na haiazimwi, Raphael akasema basi wabadilishe picha, tukacheka wodi nzima, Filipo akacheka mpaka akakohoa. Na simu hata siku hizo haikukaa kimya, madereva walipiga kutoka Nzega na Kahama, hawajui kama anaumwa, kaka Filipo kampuni fulani ikoje, kaka Filipo nihame au nibaki, naye mpira wa damu uko mkononi anawajibu mmoja mmoja, na kujibu huko hakukuwa na malipo.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025 alfajiri mdogo wangu aliaga dunia, mkewe akiwa amemshika mguu.

Hapa sasa ndipo tulipofika kwenye laini. Kampuni hii ina utaratibu mzuri, dereva akifariki wanatoa basi la waombolezaji, wanatanguliza gari moja kubwa limefungwa matawi ya miti, na wenzake wanapiga honi kutoka Kizota mpaka nje ya mji, hata mimi nimewahi kusimama barabarani nikalia kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Jumatatu tarehe 10 walikuja Nzuguni watu wawili, meneja na kijana anayeitwa Fredy, Anjelina amekaa chini na kanga kichwani, chai wakakataa, pole wakaitoa, halafu wakasema wameagizwa laini ya marehemu, kwa sababu namba ile madereva wote wanayo na kazi haiwezi kusimama. Mazishi ni lini hawakuuliza. Tukasema laini imesajiliwa kwa kidole chake mwenyewe, wakasema vocha ilikuwa inanunuliwa na kampuni. Tukauliza habari ya basi. Meneja akasema basi ni la watumishi, ila familia ikitoa ushirikiano kwenye suala la laini, basi linaweza kuangaliwa.

Tulikaa kikao usiku ule, na tuwe wakweli, hatukuwa kitu kimoja. Baba mdogo Thobias alisema tuwape, kijiplastiki kile kitamfaa nini maiti, na watu watafikaje Manchali, na hoja yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka kuchangishwa. Mimi nilitaka kugoma kwa hasira tu, nakiri, nilitaka wanyenyekee. Tulibishana mpaka tukaishiwa maneno, ndipo Anjelina akasema, "Wakipewa, dereva akipiga atapokea mtu mwingine, atamwambia njoo, kazi nzuri, na yule dereva atakuja kwa sababu namba ni ya Filipo. Atakuwa amedanganywa na mume wangu akiwa kaburini." Baba mdogo akafunga kikao kwa sala.

Kwa hiyo jibu la familia, mbele ya jeneza na mbele ya Mchungaji, ni hapana. Laini ni ya Anjelina. Simu itakuwa wazi, ukiipiga ataipokea yeye, atakwambia mume wangu alifariki, ataipokea pole yako, na ukimwuliza habari ya kampuni yoyote atakwambia anayoyajua, maana kwa miaka yote ile alikuwa anayasikia uani kwake. Na mimi nitakuwa nanunua vocha.

Kuna karatasi nimeletewa asubuhi hii na kampuni, wakaomba niisome katikati ya historia, imepigwa chapa vizuri, ina nembo, inaanza kwa kusema Filipo alikuwa mtumishi wetu hodari na mwaminifu. Hospitali alikuwa wakala, kaburini amekuwa mtumishi. Nimeikunja, nimeirudisha kwenye bahasha yake, meneja ataichukua hapa mezani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa miezi minne, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu ambao walimzoea wakawa wanamtania. Tunawashukuru majirani wa Nzuguni na kikundi cha akina mama ambao ndio waliokodi Coaster mbili zilizotuleta, tunamshukuru fundi Masudi kwa gari lililobeba mwili, tunaishukuru kwaya, na akina mama wa Manchali mnaopika hapo nyuma na moshi unaowatesa. Tunawashukuru madereva mliofika, mliomwita kaka na mliomwita dalali, wote mmefika na nimewaona, na wale waliopangiwa safari za ghafla jana jioni ili wasifike tumepokea simu zao.

Nimebakiza kuwashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisini, na kati ya hao namwona Fredy pale nyuma ya meneja. Fredy mwanangu, simama, usiogope, sikugombezi, baba mdogo ananiangalia. Umevaa fulana ile ile ya Filipo, maandishi ni yale yale, na nimesikia tangu Jumatatu wewe ndiye unayekaa kwenye benchi. Nimesikia pia una mke na mtoto mchanga pale Kizota. Nakuuliza kitu kimoja tu mbele ya watu hawa na mbele ya bosi wako, wala usinijibu kwa mdomo, nitikisie kichwa inatosha. Wewe una bima?

Haya. Mmeona wenyewe. Kaa mwanangu, na tukimaliza kuzika usiondoke na gari la wakubwa, njoo ule na sisi, Anjelina ana maneno yako.

Filipo Eliakimu Chidawali, mtoto wa mama yangu, umeishi miaka arobaini na minane na hukumdanganya mtu. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, simu anapokea mkeo.